Kuujua Moto kwa Mfano Wake

Wanavyuoni waliotusomesha dini utotoni kule pwani hawakuacha, kila walipofika kwenye mlango wa yakini, kuutolea mfano wa moto: kwamba aliyeuona moshi nyuma ya kilima, akaambiwa na msema kweli kuwa pale pana moto, huyo ana yakini ya elimu, na aliyekipanda kilima akauona moto wenyewe ukiwaka ana yakini ya jicho, na aliyeutia mkono wake motoni akaungua ana yakini ya haki, ambayo haina tena nafasi ya shaka wala haja ya shahidi. Mfano huo nimekaa nao miaka mingi hapa Tunduma, mbali na bahari, nami sikuuona kuwa na upungufu mpaka niliposoma habari za watu wasioingia katika daraja yoyote ya hizo tatu: watu wenye moto ambao hawakusimuliwa habari zake na aliyeuona, maana kwa ukubwa wanaoutaka haujawashwa bado; wala hawautazami, maana hakuna jicho linaloweza kuingia ulimo; wala hakuna mkono utakaoufikia ukabaki mkono; lakini wanauandika kwa tarakimu, nukta kwa nukta, wakaipa kompyuta tarakimu hizo, nayo ikawaonyesha jinsi moto utakavyochafuka pembezoni mwake kabla haujachafuka. Swali langu ni jepesi kulitamka na zito kulijibu: je, watu hawa wanaujua moto?

Moto ninaousema ni moto wa jua. Kuni huwaka kwa kuungana na hewa, yakabaki majivu. Katika kitovu cha jua, penye joto la nyuzi milioni 15 za Selsiasi, viini vya haidrojeni husongwa na uzito wa jua lenyewe hata vikaungana kuwa heliamu, na katika kuungana huko sehemu ndogo ya uzito wao hugeuka kuwa nuru na joto, ambalo ndilo linaloanika mahindi yetu na kuivisha kahawa ya Mbozi. Wanadamu walipotamani kuuwasha moto huo hapa chini walichagua aina mbili nzito za haidrojeni, dutiriamu na tritiamu, zinazoungana kwa wepesi kuliko nyingine. Hata hivyo walikabiliwa na dhiki mbili. Ya kwanza, hawana uzito wa jua, kwa hiyo hawana budi kukifidia kwa joto kile walichokikosa kwa uzito, nalo ni joto la nyuzi milioni 150, mara kumi ya kitovu cha jua. Ya pili, hakuna chombo cha udongo wala cha chuma kiwezacho kulihifadhi joto hilo, kwani hata tangisteni, iliyo shupavu kuliko metali zote mbele ya moto, huyeyuka kwa nyuzi 3,422.

Hila waliyoibuni Warusi katika miaka ya 1950 ni kuuzungushia moto huo ukuta usioshikika. Gesi ikipata joto kubwa mno huvunjika ikawa plazma, yaani uvugevuge wa chembe zenye umeme, na chembe zenye umeme huitii sumaku. Basi wakatengeneza chombo kilichoviringika mfano wa ngata anayoitia mwanamke kichwani chini ya ndoo ya maji, wakakizungushia sumaku zenye nguvu, na plazma ikaelea ndani yake bila kugusa ukuta, ikizunguka daima katika njia ilizochorewa. Chombo hicho wakakiita tokamaki, na jina hilo limebaki katika lugha zote.

Shida yote imo ukingoni. Mwaka 1982, huko Garching katika Ujerumani, Fritz Wagner na wenzake walikuwa wakiichochea plazma katika chombo chao kiitwacho ASDEX, wakiongeza joto kidogo kidogo, mara wakaona jambo ambalo hakuna hesabu iliyotangulia kulitabiri: plazma iliyokuwa ikivuja joto lake kila upande iliacha ghafula kuvuja, pembezoni mwake pakazuka kizuizi chembamba, unene wake sentimita chache tu, na uwezo wake wa kulihifadhi joto ukawa kama maradufu. Ilikuwa neema kubwa, na kama neema nyingi ilikuja na mtihani wake. Kizuizi kile huufanya msukumo wa plazma upande kwa ghafula mfano wa genge la bahari, mkondo wa umeme ukapita kandokando ya genge hilo, na msukumo na mkondo vinapozidi kiasi ukingo hufumuka kama mshono wa nguo iliyobana. Kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde hutapika nje hata sehemu moja kati ya kumi ya nishati yote iliyomo, kisha hutulia, ukaanza tena kujaa, ukafumuka tena, mara nyingi katika kila sekunde. Katika vyombo vidogo kuta hustahimili mapigo hayo. Katika ITER, chombo kikubwa kinachojengwa na umoja wa mataifa zaidi ya 30 huko Cadarache kusini ya Ufaransa, mapigo hayo yakiachwa yalivyo yatakula kuta zake na kuyeyusha tangisteni yake. Hapo ndipo ile daraja ya tatu ya yakini inapokuwa muhali: aliyejenga chombo kwa fedha za nusu ya dunia hawezi kujifunza kwa kuungua. Imempasa ajue kwanza, awashe baadaye.

Nitamwomba msomaji aiache Ufaransa aje nami asubuhi moja ya Julai, wakati wa baridi yetu, kwa mama mmoja anayepika maharage kando ya barabara kuu. Chungu chake amekifunika kwa sinia la bati, na juu ya sinia ametia jiwe ili mvuke usipotee na mkaa usiungue bure. Kwa kitambo chungu kiko kimya. Halafu sinia linaanza kutetema; linainuka upande mmoja, povu na mvuke vikaruka kwa mpigo, mkaa ukalia, sinia likaanguka mahali pake, kimya kikarejea. Ukihesabu kwa vidole utaona vipindi vyake vinakaribiana urefu. Mama huyu, ambaye hajasoma habari za plazma wala hazihitaji, alinyoosha mkono akauchomeka mwiko kati ya sinia na mdomo wa chungu, ukabaki upenyo mwembamba kama unene wa mwiko, na tangu hapo mvuke ukawa unatoka polepole mfululizo. Sinia halikuruka tena wala mkaa haukumwagikiwa. Nilimwuliza, "Mama, umejuaje kiasi cha kuachia?" Akanijibu, "Baba, ukikiachia sana hakiivi, ukikibana sana kinamwaga, mkono unazoea." Nami naapa kuwa katika vitabu nilivyovisoma sikukuta mahali palipoelezwa mambo haya kwa maneno machache na sahihi zaidi kuliko hayo.

Mji huu wenyewe ni ukingo. Ulizaliwa na msitari uliochorwa na Waingereza na Wajerumani katika mapatano ya mwaka 1890, na leo nyumba za Tunduma na nyumba za Nakonde ya Zambia zinatazamana kama majirani wa mtaa mmoja, na kati yao kunapita bidhaa zinazokwenda Zambia, Kongo na kwingineko kusini. Mtu aliyekaa hapa miaka mingi huufahamu mpaka kwa namna ambayo mkazi wa Dodoma hawezi kuifahamu: anajua kuwa mpaka una unene, una pumzi, una siku zake za kujaa na siku zake za kupwa. Mei 2020, wakati wa maradhi ya Korona, Zambia ilipoufunga mpaka wa Nakonde kwa siku chache, msukumo uliokuwa umegawanyika katika barabara yote kutoka Dar es Salaam ulikuja ukajikusanya hapa. Barabara haikuwa imebadilika, malori hayakuwa yamezidi. Kilichobadilika ni ukingo peke yake, na kwa kubadilika ukingo, hali ya barabara nzima ilibadilika. Ndivyo ilivyo plazma. Joto la kitovu chake hutegemea urefu wa lile genge la ukingoni, na aliyeshindwa kuutawala ukingo hana haja ya kujisumbua na kitovu. Lakini sitaki kuuvuta mfano huu kupita nguvu zake, maana dereva aliyelala chini ya lori lake siku tatu ana nafsi na njaa na watoto nyumbani, wala si haki kumfanya chembe ya hesabu.

Na neno hilo linanirejesha kwenye swali. Wanaoutungia ukingo wa plazma mwigo wa hesabu wanafanya nini hasa? Huchukua milinganyo ya mwendo wa vitu vimiminika na milinganyo ya sumaku na umeme, ambayo imejulikana tangu karne ya kumi na tisa, wakaifunga pamoja. Kisha nafasi yote ndani ya chombo wakaigawa vyumba vidogo visivyohesabika kwa vidole, kama macho ya wavu, na kwa kila chumba wakaiuliza kompyuta: joto ni kiasi gani hapa, msukumo kiasi gani, sumaku yaelekea wapi, na baada ya kipande cha sekunde kisichoweza kuwazika, vyote hivyo vitakuwaje? Programu iitwayo JOREK, iliyoanzia Ufaransa, hufanya kazi hiyo. Na BOUT++ ni nyingine. Kompyuta kubwa kabisa duniani hushughulika siku na majuma kuhesabu mambo ambayo katika plazma yenyewe yangepita kabla ya kupesa kope. Mwisho wake huonekana picha: ukingo ulioanza laini unatoa vidole vidole, vidole vikarefuka na kujipinda, vikakatika, vikaenda kupiga ukuta.

Sasa wavu una macho, na samaki aliye mdogo kuliko jicho hupita. Plazma yenye joto kubwa karibu haina ukinzani wowote kwa umeme, na kwa sababu hiyo ndani yake hutokea matabaka membamba kiasi kwamba wavu wa kuyanasa ungehitaji macho mengi kuliko kompyuta inavyoweza kubeba. Basi watunga mwigo aghalabu huipa plazma yao ya hesabu ukinzani mkubwa kuliko wa kweli, ili hesabu iweze kwisha. Niliposoma jambo hilo mara ya kwanza nilishtuka, nikasema moyoni: kumbe hawa wanahesabu moto usiokuwapo! Lakini nilipoendelea kusoma niliona kuwa hawakulificha. Wameliandika bayana katika makala zao, wakataja ni kiasi gani wamezidisha, na kila kompyuta zilipoongezeka nguvu wamekuwa wakiupunguza ukinzani ule kuuelekea wa kweli, wakitazama kama umbo la mfumuko linabaki au linageuka. Kosa lililotajwa na kupimwa limekoma kuwa uongo. Limekuwa sehemu ya maarifa. Hiyo kwangu ni insafu ya daraja ya juu, na natamani ingekuwa ada katika mambo mengine, ya siasa na ya dini pia, ambamo watu huhubiri kwa yakini ya jicho mambo waliyoyapata kwa moshi.

Kabla ya hawa kulikuwa na waliolichimba jambo hili kwa kina zaidi. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwakabili wanafalsafa wa zama zake kwa mfano wa pamba na moto: tunaona pamba ikiungua inapogusana na moto, lakini macho yetu hayakuona zaidi ya kugusana na kuungua, kwamba hiki kimeletwa na hicho kwa dharura hatukuliona, tumelizoea tu, na mazoea hayo ni ada aliyoipitisha Mwenyezi Mungu, anayeweza kuizuia akitaka. Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kuwa anayeondoa sababu ameiondoa akili, maana akili ni kufahamu vitu kwa sababu zake. Nilipokuwa kijana nilimpa ushindi Ibn Rushd bila kusita. Leo, baada ya kuutazama mwigo wa moto katika kompyuta, naona kuwa kila mmoja ameshika upande wa kweli. Mtunga mwigo ni mwanafunzi wa Ibn Rushd anapoandika milinganyo yake, kwa kuwa haweki chumba hata kimoja kisicho na sababu. Lakini anapomaliza, picha ikasimama mbele yake na vidole vyake vya moto, anakuwa mwanafunzi wa Ghazali, maana anajua kuwa ndani ya kompyuta hakuna kilichoungua. Pamba iko, moto uko, kugusana kuko, na chumba kimebaki baridi.

Je, kitu kisichoungua kinaweza kubeba elimu ya kuungua? Jibu lilikuwa limeanguka karibu nami kabla sijazaliwa. Tarehe 16 Desemba 1938, huko Ivuna, katika bonde la Rukwa, mahali ambapo leo ni wilaya ya Momba ya mkoa wetu wa Songwe, lilianguka jiwe kutoka mbinguni, jeusi, laini, lenye kumomonyoka, ambalo vipande vyake vilivyookotwa havikufika kilo moja. Wachunguzi walipolipima waliona ajabu: ukiacha gesi nyepesi kama haidrojeni na heliamu, nisba ya vitu vilivyomo ndani yake, ya chuma kwa magnesi, ya magnesi kwa silikoni, na kadhalika katika orodha ndefu, ni ile ile iliyomo katika uso wa jua. Mawe ya namna hiyo ni haba mno. Yale yaliyoshuhudiwa yakianguka hayazidi matano, na jamii yake yote duniani imepewa jina la kijiji chetu. Wajapani walipoleta mwaka 2020 udongo walioufuata katika sayari ndogo ya Ryugu, waliutambua kwa kuulinganisha na jamii ya Ivuna. Basi hapo pana kipande cha jiwe baridi, kisichotoa nuru wala joto, ambacho mtoto angeweza kukisaga kwa vidole, na wenye elimu ya falaki wanalipima jua kwa jiwe hilo. Dhati ya jua haimo ndani yake hata chembe ya kuwaka. Nisba zake zimo.

Nadhani hapa tumefika kwenye kiini. Wanatauhidi walitofautisha zamani kati ya dhati na sifa, wakasema kuwa dhati ya Muumba haifikiwi na akili ya kiumbe, ila sifa zake hujulikana kwa athari zake. Wala hawakusema kuwa elimu hiyo, kwa kuwa haikufika kwenye dhati, si elimu. Mwigo wa plazma ni elimu ya jinsi hiyo kwa kitu kilicho duni mno kuliko Muumba: unahifadhi nisba za moto bila ya moto. Ukiwa na nisba unaweza kusema kweli juu ya kitu usichokigusa. Unaweza kusema kuwa msukumo ukizidi kiasi hiki kwa mkondo kiasi hiki ukingo utafumuka, na ukafumuka kweli. Kwa hiyo nakataa kauli ya wanaosema kuwa kompyuta inacheza tu, na nakataa vilevile kauli ya wanaosema kuwa mwenye mwigo amekwisha kuujua moto. Amezijua nisba zake kwa kadiri ya macho ya wavu wake.

Mzee mmoja wa baraza letu, mcha Mungu na msomi kunizidi, aliponisikia nikiyasema haya aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, na kuliiga jua hakutuingizi katika kujifanya waumbaji?" Sikumjibu papo hapo, maana swali la mtu kama yule halijibiwi kwa haraka. Baadaye nilimkumbusha wahunzi wa kale wa Unyiha, katika nchi hii hii ya Mbozi, waliosimamisha tanuri ndefu za udongo zenye kujivutia hewa zenyewe, wakayeyusha mawe wakapata chuma cha majembe, wala hawakulikaribia tanuri pasipo miiko yao. Hawakudhani kuwa wameumba moto wala chuma. Waliona kuwa wamepewa ruhusa ya kuingia mahali penye heshima. Elimu ya jua, nilimwambia, ni amana ya namna hiyo, na adabu yake ni kukiri mpaka wa ulichokijua. Akatikisa kichwa, akasema, "Adabu hiyo ndiyo ngumu kuliko moto." Hapo tulikubaliana.

Hatumo pia katika jambo hili kama watazamaji tu. Mwaka 2016 wachunguzi wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwa bonde la Rukwa lina hazina kubwa ya heliamu, iliyozaliwa na kuoza kwa urani na thoriamu katika miamba ya kale na kufunguliwa na joto la bonde la ufa. Na mwaka 2024 kisima cha Itumbula, katika Rukwa ya kusini, kiliileta gesi hiyo juu ya ardhi. Heliamu ndiyo majivu ya moto wa jua, na jina lake ni la jua, kwa kuwa ilionekana katika nuru ya jua mwaka 1868 kabla ya kupatikana duniani mwaka 1895. Nayo ikigeuzwa kuwa maji huzipoza sumaku za ITER mpaka kiasi cha nyuzi 269 chini ya sifuri, pasipo baridi hiyo sumaku haziwezi kuushika moto.

Linabaki jambo la kadhi. Elimu ya nisba ina kadhi mmoja tu, naye ni moto wenyewe, na hukumu zake mara nyingine zimewafedhehesha wenye hesabu na mara nyingine zimewapa haki. Mwaka 2004, katika chombo cha DIII-D huko San Diego, Marekani, wachunguzi walitia upotovu mdogo katika sumaku ya ukingoni, wakaifanya isiwe laini kamili kama ilivyokuwa, na mifumuko ikakoma, plazma ikawa inavuja polepole mfululizo. Ulikuwa ni mwiko wa yule mama wa maharage. Lakini sababu waliyoitarajia haikukaa vizuri na yaliyoonekana, kwani mwigo wa baadaye ulionyesha kuwa plazma haikai kitako ikapotolewa. Hujibu, ikaukinga upotovu ule mahali fulani na kuukuza mahali pengine, na hata leo wenye hesabu hawajakubaliana juu ya kila hatua ya jambo hilo. Hata hivyo ITER imetengewa ndani yake koili 27 za kazi hiyo, kwa kutegemea vyombo vidogo vilivyojaribu na mwigo uliowavusha kutoka udogo kwenda ukubwa. Nako Culham, Uingereza, chombo cha JET kabla ya kufungwa Desemba 2023 kilitoa katika jaribio moja nishati ya megajuli 69, ambayo haijapata kupitwa na chombo kingine cha sumaku, nacho kikaacha vipimo ambavyo watunga mwigo watavitumia miaka mingi kuwa mizani yao.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Wanaujua moto kwa daraja ya kwanza, yakini ya elimu, ila moshi wao wameutengeneza wenyewe kwa uaminifu. Na uaminifu huo ndio unaoifanya iwe elimu badala ya ndoto. Siku ITER itakapowashwa kwa dutiriamu na tritiamu watapanda kilima, wataona. Daraja ya tatu hawataifikia kamwe, wala haiwapasi kuitamani, kwa kuwa juhudi zao zote ni kuuzuia moto usiguse ukuta.

Nina ombi moja kwa walimu wenzangu wa Songwe. Kule Ndolezi, katika kilima cha Marengi, kipo Kimondo cha Mbozi, pande la chuma na nikeli lenye urefu wa mita tatu hivi, ambalo makadirio ya uzito wake huanzia tani 12 na kupita 16. Wenyeji walikijua na kukistahi muda mrefu kabla ya mpima ardhi W. H. Nott kukitangaza mwaka 1930, wala hakuna masimulizi ya lini kilianguka. Chuma ndicho mwisho wa moto wa nyota: nyota kubwa huunganisha viini vyepesi kuwa vizito, kutoka haidrojeni hadi heliamu, kutoka heliamu hadi kaboni na kuendelea, na ikifika kwenye chuma haipati tena faida ya joto katika kuunganisha, moto wake huzimika na nyota huanguka juu yake yenyewe. Wapelekeni watoto, siku ya jua kali, kabla ya kuwafundisha milinganyo yoyote. Waacheni waweke viganja vyao juu ya pande lile. Kisha waambieni kuwa jamii ya mawe inayofanana na jua kuliko mawe yote inaitwa Ivuna, na Ivuna iko katika mkoa wao.